Mablanketi ya Uwanja wa Barafu wa Torvik

Jumatatu, 3 Februari
Naandika kwa penseli, ili ikibidi nifute.
Meya Pelletier amenipa kumbukumbu za kikao cha baraza la mji nizipige chapa. Uwanja wa barafu una miaka hamsini na nane. Mtambo wa kugandisha umechoka. Madiwani wamegawanyika. Kwa hiyo meya ameamua: Jumamosi, kwenye mechi ya magongo dhidi ya Bremner, baraza zima litakuja kutazama. Jukwaa likijaa hata nusu, mtambo utatengenezwa. Lisipojaa, uwanja utafungwa mwishoni mwa Machi.
Mechi iliyopita tulikuwa ishirini na sita, ukimhesabu mbwa wa golikipa.
Nimepiga chapa bila kosa. Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu nihamie hapa kutoka Saskatoon, na ni uwanjani tu ninakoitwa kwa jina. Ofisini mimi ni Karani. Kwa mwenye nyumba mimi ni Yule wa Chumba cha Juu. Jumanne jioni mzee Orest, mtunza uwanja, hunifungulia mlango nijifunze kuteleza, nikisukuma kiti cha plastiki nisianguke. Yeye huniita Ansel. Wakifunga, nani ataniita tena?

Jumanne, 4 Februari
Nimeteleza na kiti. Nimeanguka mara mbili, kiti mara moja. Orest akauliza kati yangu na kiti nani anamfundisha mwenzake.
Nikamuuliza kama ana hofu na Jumamosi. Akasema ana miaka sabini na moja, hofu yake yote aliimaliza kwenye ndoa ya kwanza. Kisha akawa analipapasa bomba la mtambo kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.
Nilikuwa na la kumwambia. Nikamwambia usiku mwema.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata wazo! Limenijia nikinywa supu ya kopo.
Hapa Torvik, mtu akitaka nafasi yake jukwaani hutandika blanketi mchana, akaenda zake nyumbani. Haliguswi na mtu, hata meya. Mama Verna Lindqvist hutandika mawili, lake na la mumewe, na mumewe ana miaka sita kaburini. Hakuna aliyewahi kukaa pale.
Sasa basi. Kabati la dharura ofisini lina mablanketi themanini, ya siku za tufani ya theluji. Ufunguo ninao mimi. Madiwani wakikuta jukwaa limetandikwa lote, wataona jinsi mji unavyoupenda uwanja wake. Hata aliye bado njiani atakuwa kama amefika.
Nimelikagua wazo mara tatu. Sioni kasoro.

Ijumaa, 7 Februari
Kasoro ndogo. Kila blanketi lina mhuri wa baraza pembeni. Nitageuza mhuri uelekee chini.
Meya aliingia nikiwa nusu ndani ya kabati. Akauliza natafuta nini. Nikasema gundi. Akasema gundi iko mezani kwangu, na kwamba nijaribu kulala mapema.
Sikulala.

Jumamosi, 8 Februari
Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Saa sita mchana nimetandika, mstari kwa mstari, kila blanketi peke yake, nafasi sawa kati yake na jingine. Nilitumia rula. Kisha nikakaa katikati yao nusu saa. Ilikuwa kana kwamba watu wametoka kidogo tu na watarudi. Sijawahi kuwa na wenzangu wengi hivyo katika mji huu.
Saa moja jioni, balaa. Watu wakaja.
Habari ya kufungwa ilikuwa imeenea. Walikuja wakulima wa upande wa kaskazini. Walikuja akina Hnatiuk wote na bibi yao. Zaidi ya mia! Wakasimama mlangoni wakayatazama mablanketi. Mmoja akamwambia mkewe pamejaa, laiti wangewahi. Mkewe akamjibu: "Si nilikwambia uache kuosha trekta?" Mwingine akasema heri, maadamu pamejaa uwanja umepona, na wao waende wakalale. Wakasimama kidogo nyuma ya kioo kinachozunguka barafu, miguu ikawaganda, wakaondoka kwa adabu. Familia baada ya familia. Nikasikia magari yakiwashwa.
Ningeweza kusema. Maneno matano tu: ni yangu mimi, kaeni tafadhali. Lakini meya alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikanywa chai.
Nikajaribu kuondoa moja kimyakimya. Mama Verna akanichapa mkono. Akauliza nililelewa nyumbani au zizini, blanketi la mtu haliguswi. Nikalirudisha. Nikalinyoosha.
Kipindi cha pili madiwani wakahesabu. Watu kumi na tisa, mablanketi themanini. Mmoja akauliza wenyewe wako wapi. Hapo hapo kile kisahani wanachokipiga kikaruka kioo, kikalipindua blanketi la mstari wa mbele. Mhuri ukawa juu. Meya akausoma. Hakunitazama, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.
Tumefungwa saba kwa moja.

Jumapili, 9 Februari
Nimekwenda kukunja mablanketi. Nikamkuta Orest ameshakunja nusu.
Hakuuliza nani. Alisema tu kwamba aliyetandika hana mtu wake hapa mjini. Nikauliza amejuaje. Akasema watu wa hapa hutandika mawili mawili, yakagusana, kwa sababu baridi hii haivumiliki peke yako. Haya yalikaa moja moja, kama makaburi ya askari.
Tukakunja. Kisha akasema, "Ansel, mke wangu amepika maandazi ya kwetu ya kuchemsha, yenye viazi ndani, twende ukale."
Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Jumatatu, 10 Februari
Meya amechukua ufunguo wa kabati. Ameniachia chupa ya gundi mahali pake.
Nimepiga chapa uamuzi: kura nne kwa tatu, uwanja utafungwa Machi, isipokuwa wakazi wajae kwenye ukumbi wa baraza tarehe 24 kupinga.
Mama Verna alikuja kuandikisha mbwa wake. Akauliza kama ni mimi kijana wa kugusagusa blanketi. Nikakiri. Akasema la mumewe limekaa bure miaka sita na upande ule unamwingiza baridi. Jumamosi nije nikae. Nikamwambia nitaangalia ratiba.
Nimeiangalia. Jumamosi haiwezekani. Mlangoni mwa ukumbi kila mtu huvua buti. Ukiona buti zimejaa, ujue watu wamejaa. Na kanisani kuna sanduku la nguo za msaada lenye jozi sitini za buti, ambalo halitakuwa na mlinzi Jumamosi jioni, wakati watu wote wako kwenye mechi.
Nimelikagua mara tatu. Hili naliandika kwa wino. Na somo la Orest nimelishika: safari hii hakuna kupanga moja moja. Nitazipanga mbili mbili, zigusane.