Kamera Iliyosubiri Nicheke

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tumemzika Marcelino, jirani yetu wa hapa Kihesa, Iringa. Baridi kali. Mahubiri mazuri. Lakini picha! Waliikata kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu, na begani kwa marehemu umebaki mkono. Wa mwanamke, kucha nyekundu. Picha ikabebwa mbele ya jeneza tangu nyumbani hadi makaburini, mkono ukiwa palepale. Mjane alinong'ona kuuliza ni wa nani. Hakuna aliyejua.

Nimerudi na swali moja. Mimi Aroni, bwana shamba mstaafu, mzee wa kanisa miaka tisa, siku yangu itabebwa picha gani?

Jumapili, 15 Juni

Nimekagua. Miaka sitini na mbili, picha nne. Ya kwanza natafuna. Ya pili ni ya kitambulisho. Naonekana kama mtu aliyekamatwa. Ya tatu ni kisogo. Ya nne ni ya harusi yetu, na Esta mke wangu kanishika bega.

Binti yangu Devotha akanipiga picha kwa simu yake. Simu ikafuta makunyanzi yote, ikanipaka na rangi ya midomo. Nikamwambia huyu ni shangazi yako Bertha akiwa kidato cha pili. Nataka kamera hasa, ile ndogo ya mfukoni, isiyojipendekeza kwa mtu.

Jirani Lugano akadokeza kuwa yeye picha yake ipo tayari, ya suti, ya studio ya Dar es Salaam. Hakuulizwa.

Mpango: Mwanjelwa, kule Mbeya, kuna mabanda ya kamera za mtumba. Nitajifanya mnunuzi. Nitazijaribu zote zinipige, kwa kadi yangu mwenyewe ya kuhifadhia picha. Naondoka na picha, kamera nawaachia. Esta nimemwambia naenda kutafuta mbegu za viazi. Amenipa pesa za mbegu, akanitazama kwa muda mrefu.

Jumanne, 17 Juni

Nimefikia kwa dada Bertha na mumewe Ombeni, seremala, mtu mrefu na mpole anayesema maneno sita kwa siku.

Banda la muuzaji mmoja, Brayson. Kamera kama thelathini mezani, ndogo kama vipande vya sabuni. Akasema mabinti wa chuo wanazigombania siku hizi, wamechoka na picha za simu. Nikatikisa kichwa kitaalamu. Alipogeuka nikachomeka kadi yangu, ile ndogo ya simu. Ikazama! Tundu pana, kadi ya ukubwa wa ukucha. Nikaitikisa kamera. Kimya. Nikairudisha mezani, nikasema rangi yake sijaipenda.

Jumatano, 18 Juni

Nimekuja na kadi kubwa. Brayson akanipa kamera ya kuvuta mbali. Nikabonyeza, lenzi ikatoka kama kichwa cha kobe. Nikaielekeza Mlima Loleza, nionekane najua.

Ee Mungu. Kule juu, mahali ambapo macho yangu huona kijani tu, palikuwa na mama. Ametua mzigo wa kuni. Akafunga upya kanga kiunoni, akakaa kwenye jiwe, akaangalia mjini. Alikuwa anatuangalia sisi sote, na hajui kuwa kuna mzee wa Kihesa anamwona hadi anavyojifuta jasho. Nikawaza kuwa huenda Mungu naye anatuona hivi, mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake. Alipojitwisha nikamsindikiza kwa lenzi mpaka miti ikamficha.

Nilisimama pale nusu saa. Picha yangu nimesahau kupiga.

Alhamisi, 19 Juni

Brayson ameanza kunichoka. Mchagua jembe si mkulima, akasema. Nikamjibu kuwa nimekuwa bwana shamba miaka thelathini na tano, majembe nayajua.

Akanipa ya mwisho, ya rangi ya fedha, imechubuka pembeni. Hii haipigi mpaka mtu atabasamu; inasubiri yenyewe. Sikuamini. Nami nilitaka sura ya msiba, nzito, ya mtu aliyeacha pengo. Nikakaza uso. Kamera kimya. Nikakaza zaidi. Watu wakakusanyika. Muuza parachichi akauliza kama mzee anaumwa tumbo, apishwe njia. Nikashindwa, nikacheka, na kamera ikalia palepale.

Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Nikakaa chini, juu ya kreti la soda. Alikuwa mama yangu. Mama Damari alifariki nikiwa darasa la sita, hakuwahi kupigwa picha, na sura yake nilishaisahau. Nimeomba mara nyingi niione japo ndotoni. Leo yuko pale, macho yake, na ule mkunjo wa kando ya mdomo, anacheka usoni mwangu. Nimelia mbele ya watu wa Mwanjelwa na sijali.

Brayson alisubiri nimalize. Kisha akatoa kadi ndogo: ameikuta ndani ya kamera ya juzi, ina nyimbo za kwaya na picha ya kisogo cha mtu mwenye kofia kama yangu. Akauliza kama naifahamu. Nikainunua ile ya fedha papo hapo, kwa pesa za mbegu.

Ijumaa, 20 Juni

Studio wameikuza picha hadi ukubwa wa dirisha la choo. Ombeni ameitengenezea fremu ya mninga. Bertha naye amemwona mama. Ameipangusa kwa ncha ya kanga.

Ila nina wasiwasi. Marehemu akicheka hivi, watu hawatasema kafurahi kuwaacha? Yafaa niwe na ya pili, ya uso mzito. Kesho Brayson anizimie ule mtego wa tabasamu, ndipo nisafiri. Ombeni anakwenda Iringa alfajiri kwenye kikao cha kanisa. Atatangulia na picha. Bertha akashauri ifungwe gazeti. Nimekataa. Vanishi mbichi, gazeti litanata. Simu nimezima. Esta anauliza mno habari za viazi.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika jikoni, peke yangu.

Ombeni aliingia Kihesa saa saba mchana, kwa miguu, suti nyeusi. Picha kaishika kifuani kwa mikono miwili, kioo mbele, vanishi isimchafue koti. Mwendo wa polepole, isidondoke. Mama wa kwanza kumwona akapiga yowe. Wa pili akalipokea. Ombeni, aliyeniacha asubuhi nikinywa uji, aliposikia vilio akadhani taarifa imemtangulia kwa simu, naye akaanza kulia. Hapo nani angebisha? Wakanipigia, simu imezimwa. Wakampigia Bertha, yuko shambani, simu kaiacha nyumbani.

Nimefika saa kumi na moja. Turubai uani kwangu, masufuria, kwaya. Nikanyemelea nyuma ya ua wa michongoma nijue nani amekufa. Ni mimi.

Ningetoka. Lakini Lugano alikuwa anasema Aroni hakuwahi kumdanganya mtu, huku akipenga kamasi. Na picha yangu iko mezani, juu ya kitambaa cheupe. Watu walikwenda mbele wakilia. Wakiinua macho kuitazama, wanaanza kutabasamu, wenyewe hawajui, mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa anawachekea wote. Sijaona jambo kubwa namna ile maishani mwangu. Nikatoa kamera nipige. Flashi ikawaka michongomani, wakageuka, wakaniona.

Walikimbia hata wenye magongo. Lugano aliruka sufuria la wali. Esta peke yake hakukimbia. Alikuja hadi kwenye ua, macho yamevimba, akanishika mashavu kwa viganja viwili. Kisha akauliza mbegu ziko wapi.

Jumapili, 22 Juni

Esta hasemi nami. Amemwambia Devotha, nikiwa nasikia, kwamba kwa saa nne alikuwa mjane, na katika saa hizo alinisamehe yote; sasa inabidi aanze upya kuyakumbuka. Ombeni amerudi Mbeya. Lugano amekuja kusema maneno yake ya jana anayafuta.

Jumatatu, 23 Juni

Nimetafakari sana kosa lilikuwa wapi. Picha haina kosa. Ila nimegundua jambo zito: Esta ndiye hana picha ya peke yake. Akitangulia yeye, watabeba nini?

Nikaweka kamera dirishani, mtego nimewasha, nikasubiri. Asubuhi nzima kanuna. Saa tano akawatupia kuku mahindi, jogoo akateleza, Esta akatabasamu. Kamera ikalia. Nimeitazama mara ishirini. Sikujua kuwa miaka thelathini na minane naishi na mwanamke mzuri hivi.

Kesho anakwenda Chunya kwa dada yake, wiki nzima, apumzike kuniona. Vizuri. Nitamshtukiza. Kadi nimeituma kwa basi, Ombeni aikuze picha, aitie fremu na ailete kwa mkono kabla Esta hajarudi. Nimemsisitiza asiifunge kitu. Sura kama ile, watu wa Kihesa waione.