Hatua Saba Kutoka Mlangoni

Modeste Harelimana hakuwahi kuingia katika duka la mtu kabla ya kufuta viatu vyake. Goma ni mji wa vumbi jeusi, na mtu anayetaka kuaminiwa hapaswi kuonyesha kwamba amekuja kwa miguu. Asubuhi hiyo alisimama kando ya duka la vifaa vya ujenzi la Papa Kakule, mtaani Mapendo, akatoa kitambaa, akapangusa kiatu cha kulia, akapangusa cha kushoto, na huku ameinama akayakagua mazingira kama afisa wa ushuru anavyokagua lori.

Aliona pikipiki. Ilikuwa nyekundu, mpya, kiti chake bado kimevikwa nailoni, nayo ilikuwa imeegeshwa ndani kidogo ya mlango ili kila mpita njia aione na kuumia. Aliona pia mke wa mwenye duka, Mama Kaswera, aliyeuza vitenge katika nusu ya mbele ya duka hilohilo. Alikuwa akisimamia upakiaji wa furushi la vitambaa kwenye basi dogo la Rutshuru. Mpakiaji alilalamika akitaka kujua tangu lini kitenge kikawa na uzito wa namna ile.

"Hiyo ni wax ya kweli," Mama Kaswera alimjibu. "Ile unazoea weye ni ya kuigiza, njo maana iko nyepesi."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Papa Kakule mwenyewe, akiuliza kuta zake ni vipi makopo tisa ya rangi yanaweza kutoka bohari bila miguu. Modeste alitabasamu. Mtu aliyeibiwa ni mtu aliyekwisha kulainika.

Mfukoni mwake palikuwa na jiwe. Ukweli unatulazimu kusema kwamba lilikuwa kizibo cha chupa ya marashi, kilichosuguliwa wiki nzima mpaka kikasahau kazi yake ya zamani. Lakini rangi yake ilikuwa ya kuheshimika: zambarau hafifu, kama ua la viazi vya Masisi. Modeste alikusudia kuliuza kama amethisto, kito cha thamani, na kama bei yake alikuwa amekwisha kuichagua pikipiki.

"Papa, unisamehe kwa kukusumbua," alisema akiwa mlangoni. "Nimeambiwa kama hapa Mapendo kuna mutu mumoja tu mwenye macho ya kujua kitu cha bei."

Papa Kakule, mtu mnene mwenye kalamu juu ya sikio, alikuja kutoka kwenye kontwari yake, meza ya kuuzia iliyokuwa huko nyuma. "Nani alikuambia?"

"Watu wanaogopa kutajwa, Papa."

Jibu hilo lilimpendeza Papa Kakule, kwa kuwa kwa muda mrefu alikuwa akishuku kwamba anaogopwa. Modeste akafungua kiganja. Katika mwanga wa mlangoni jiwe liling'aa kwa zambarau yake ya upole.

"Babu yangu alilichimba kwa mikono yake mwenyewe. Alilificha mpaka siku ya kufa."

"Lete kule kwa kontwari, nilione muzuri."

Kutoka mlangoni hadi kwenye kontwari kulikuwa na hatua saba. Duka lilikuwa refu na lenye giza, na kule mwisho mirija miwili ya neoni iliwaka mchana kutwa. Modeste alizipiga hatua hizo kwa heshima zote, akafungua kiganja tena. Zambarau ilikuwa imetoweka. Mkononi mwake palikuwa na kitu cha buluu iliyopauka, kama maji ya kusuuzia mashati meupe.

Papa Kakule alilitazama jiwe, kisha akamtazama mwenye jiwe. "Pale kwa mulango ilikuwa zambarau. Sasa iko bulu. Ju ya nini?"

Tapeli wa daraja la chini angekimbia, na wa daraja la kati angeanza kueleza. Modeste aliinua macho mara moja kuelekea neoni, akayageuza mara moja kuelekea mlango, akaelewa kila kitu. Kisha akainamisha kichwa kwa aibu.

"Ju nimekudanganya, Papa. Babu hakuchimba kitu. Nililipata kwa mama mumoja mujane, nikataka kujisifu kidogo. Nilisahau kama hii jiwe haivumilie uongo."

"Unasema nini?"

"Ukisema kweli, inabaki zambarau. Ukidanganya, inapauka kwa haya. Kuja tujaribu."

Alimshika Papa Kakule kiwiko, kwa ulaini, kama mtu anayemwongoza bibi harusi, akamrudisha mlangoni na kumwekea jiwe kiganjani. "Sema kitu cha kweli."

"Mimi ni muzaliwa wa Butembo," alisema Papa Kakule, na jiwe likawa zambarau.

Wakazirudia hatua saba. "Sasa sema kitu chochote tu, Papa. Kile unazoea kusema."

Papa Kakule alifikiri. "Kilo yangu ya misumari ni kilo kamili."

Jiwe likawa buluu. Papa Kakule alikohoa, akatazama nyuma kama kuna mteja, kisha akakohoa tena. Tangu dakika hiyo alikuwa muumini. Mtu huyu aliuza rangi za nyumba kwa miaka ishirini chini ya mirija hiyohiyo. Wateja walirudi kila mwezi kulalamika kwamba rangi waliyoichagua dukani haikuwa ile waliyoikuta ukutani, naye kila mwezi aliwajibu kuwa kosa ni la ukuta. Miaka ishirini ya somo moja, na mwanafunzi hakuwa amejifunza kitu.

"Unataka nini juu yake?"

"Mimi si mutu wa biashara, Papa. Natembea mbali, miguu inauma." Modeste aliitazama pikipiki, akahema. "Kitu cha kunibeba tu."

"Kwanza nione kama inafanya kazi. Kambere!"

Kambere alikuwa mtunza bohari, mwenye mvi na aproni ya kaki, akiwa katika mwaka wake wa kumi na moja bila kuchelewa hata siku moja. Alisimamishwa mbele ya kontwari, jiwe likawekwa kiganjani mwake, na Modeste akamshika kiwiko, kama utaratibu wa jiwe ulivyodai tangu robo saa iliyopita.

"Kambere, makopo yangu tisa iko wapi?"

"Sijue, Papa. Sikuguse hata moja."

Jiwe lilikuwa buluu. Kambere, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka bohari, aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Halafu akaivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kontwari na kuweka funguo juu yake.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Hata rangi ya kupaka mulango yangu sijakuomba."

Itakuwa si haki kudai kwamba dhamiri haikumtembelea Modeste wakati huo. Ilibisha hodi, ikakuta pikipiki imekalia kiti, ikaenda zake. Papa Kakule naye, akiwa na uso wa hakimu, alinyoosha mkono na kuutoa ufunguo wa pikipiki kwenye msumari.

"Papa, ngoja kidogo."

Alikuwa Mama Kaswera, amesimama katikati ya vitenge vyake na utepe wa kupimia shingoni. Tangu aliporudi kutoka kwenye basi alikuwa ameziona zile hatua saba, za kwenda na za kurudi. Alizifahamu vizuri. Yeye mwenyewe alizipiga mara ishirini kwa siku, kitenge begani na mteja nyuma yake, maana hakuna mwanamke wa Goma anayekubali kitambaa kabla hakijatolewa chini ya neoni na kupelekwa mlangoni kionyeshe rangi yake. Lakini kuhusu hilo hakusema lolote.

"Ile moto ni ya nyumba," alisema, akiionyesha pikipiki kwa kidevu. "Na mimi niulize kidogo. Lakini mwenye jiwe alishike mwenyewe. Siye hatujue namna ya kulishika."

Alimkabidhi Modeste jiwe, akamshika kiwiko kwa adabu kubwa, akamweka pale alipokuwa Kambere, mrija wa neoni ukiwa juu ya utosi wake.

"Papa mugeni, hii koti ni nzuri. Ni yako?"

"Ni yangu, Mama. Nilishonesha."

Hiyo ilikuwa kweli. Koti lilikuwa kitu pekee maishani mwake alichokuwa amekilipia chote. Wote wakachungulia kiganjani. Buluu.

"Avue," alisema Papa Kakule.

"Mama, jiwe limechoka," alisema Modeste. "Limeulizwa maswali mengi tangu asubuhi."

"Jiwe inachoka? Basi Papa, rudisha ufunguo kwa musumari. Hatuwezi kutoa moto muzima juu ya jiwe yenye kuchoka."

Modeste aliutazama ufunguo uliokuwa ukining'inia kidoleni mwa Papa Kakule. Akavua koti, huku akijitahidi kutabasamu.

"Na ile saa?"

"Ya marehemu baba." Kweli tena. Buluu.

"Kuiba saa ya mufu," alisema Papa Kakule kwa huzuni, akaiweka saa juu ya koti.

"Na viatu?"

Modeste alinong'ona kuwa viatu vilikuwa vyake. Buluu. Akainama, akafungua kamba za vile viatu alivyovifuta kwa uangalifu mkubwa namna ile, akavipanga kando ya kontwari. Macho ya Mama Kaswera yalikuwa yamekwisha kupanda hadi kwenye mshipi wa suruali.

Hapo ndipo Modeste alipoamua kutumia silaha ambayo hakuwa ameigusa tangu utoto. "Papa, sikiliza," alisema. "Hii si jiwe. Ni kizibo cha chupa ya marashi. Nilikisugua mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Katoyi. Ni kioo tu. Mimi ni mwongo."

Vichwa vitatu vikainama juu ya kiganja chake. Jiwe lilikuwa buluu kuliko wakati wowote.

"Anadanganya," alisema Papa Kakule, na sauti yake ilijaa uchaji. "Basi ni jiwe la kweli. Alitaka kutuhadaa tulione bure, halafu arudi nalo kwake." Akalichukua mkononi mwa Modeste, akaurudisha ufunguo kwenye msumari. "Moto haipate. Na jiwe inabaki hapa, pamoja na hivi vitu vya watu, mpaka wenyewe watakuja."

Kwa miaka arobaini na miwili Modeste alikuwa amesema uongo na kula vizuri. Asubuhi hiyo alisema kweli mara nne mfululizo, na kila mara alivuliwa kitu.

Kambere alikuwa bado amesimama palepale bila aproni. "Na mimi, Mama?" aliuliza polepole.

"Weye ulishikwa mukono na huyu. Uongo yake njo ilipita mpaka kwa jiwe. Kuja huku, kwenye hewa." Alimpeleka mlangoni na kumpa jiwe. "Sema tena."

"Sikuguse hata kopo moja."

Zambarau, safi, kama shamba zima la viazi. Papa Kakule aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda mwenyewe kuichukua aproni, akaikunjua, akamfunga Kambere kiunoni, na kwa kuwa hakuwahi kumfunga mtu aproni, akaifunga nje ndani.

"Unisamehe, muzee."

"Haina neno, Papa," alisema Kambere, wala hakuigeuza.

Lakini mtu aliyepewa chombo cha kujua kila kitu hawezi kulala. Papa Kakule aliligeuza jiwe mkononi, akamgeukia mke wake. "Sasa kama si Kambere, ni nani? Mama, usikasirike. Sheria ni ya watu wote."

"Nikasirike ju ya nini?" alisema Mama Kaswera. Alilichukua jiwe, wala hakuondoka pale mlangoni. Alisogea nusu hatua tu, jua likampata begani. "Karibia hapa, Papa, uone muzuri. Huko ndani kuna giza. Haya: makopo yako, mimi sijue iko wapi."

Zambarau. Ilikuwa zambarau ya kupendeza kiasi kwamba Papa Kakule aliona haya kwa kuuliza.

Modeste, peku pamoja na soksi zake, alilitazama jiwe hilo, na mara akamkumbuka yule mpakiaji wa basi la Rutshuru akilalamika chini ya furushi. Wax ya kweli. Makopo tisa ya wax ya kweli, ambayo kwa saa hiyo yalikuwa yakipanda barabara ya kaskazini kuelekea kwenye ukuta wa mtu fulani. Aliuona usanifu wa kazi hiyo na akauheshimu, kama fundi anavyoheshimu mkono wa fundi. Lakini viatu ni viatu.

"Papa Kakule," alisema. "Kuna kitu kimoja nataka kukuambia, juu ya Mama."

"Sema," alijibu Papa Kakule. "Lakini ushike jiwe."

Mama Kaswera alikuwa amekwisha kumshika kiwiko, kwa ulaini uleule. "Karibu, Papa mugeni," alisema. "Tuende kule kwa kontwari, utasema vizuri."

Modeste alizitazama zile hatua saba, na mwisho wake ile mirija miwili inayowaka mchana kutwa. Akapiga hesabu ya vitu alivyobaki navyo: shati, suruali, mshipi, soksi.

"Hapana, Mama," alisema. "Nilitaka tu kuwaaga."

Kambere alimpisha mlangoni. Modeste akatoka juani, akaanza safari ya kurudi Katoyi kwa miguu, bila kufuta kitu, juu ya mawe ya volkano yaliyotapakaa barabarani. Hayo ni meusi juani, meusi kivulini, meusi chini ya taa ya aina yoyote, na kila moja alilolikanyaga lilikuwa la kweli.