Vyuma Vinne vya Mama Wilhelmina

Jumamosi, 3 Agosti 2024. Buzuruga.

Siku njema! Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi limesimama trela la farasi mbele ya kibanda changu. Farasi hawamo. Mwenye trela ni Mama Wilhelmina wa Kiseke, yule anayefuga farasi watatu na kuwapandisha maharusi na watoto. Ndani kuna vyuma vinne vilivyotokeza ukutani, vya kuwekea matandiko wakati wa safari. Vimechoka. Sponji imeliwa na panya. Leza, ile ngozi ya bandia, imechanika. Viwili vina ufa kwenye shina.

Alikuwa anamtafuta Jovinary, mchomeleaji, jirani yangu. Jovinary alikuwa amekwenda kunywa chai. Mungu amzidishie chai. Nikajitokeza mimi. Nikamwambia nashona siti za bodaboda mwaka wa tisa sasa, na farasi nawafahamu tangu Arusha. Arusha nimefika mara moja, kwenye msiba. Farasi sikumwona. Lakini hakuuliza.

Kwa nini naitaka kazi hii? Naandika ili nisisahau. Mzee Bagenda, baba yake Felicitas, ameirudisha barua yangu ya posa. Hakuikataa, aliirudisha. Alimwambia mshenga wangu kwamba binti yake haendi kwa mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu kikadumu, na kwamba bado analikumbuka lile sofa nililomshonea. (Sofa lilikuwa na matatizo yake kabla sijaligusa.) Nikimwonyesha kazi moja tu ya mikono yangu iliyosimama, barua itapokelewa. Mzee ni mwalimu mstaafu wa ufundi. Hana huruma.

Lakini kila Nane Nane yuko viwanja vya Nyamhongolo kuangalia miche ya migomba. Na Mama Wilhelmina atakuwepo siku hiyohiyo na farasi wake. Mpango umejipanga wenyewe!

Jumapili, 4 Agosti.

Misa ya kwanza, halafu kazini. Nimepima chuma cha kwanza mara tatu: sentimita 48, 48 na 51. Nimeandika 49, kila kipimo kipate haki yake.

Nyufa mbili nimezijaza gundi ya chuma, juu nikapaka rangi ya fedha. Hazionekani. Kisichoonekana hakipo.

Jovinary akaja, akainama, akagonga kwa kucha. Akasema, "Ndugu yangu Nestory, chuma hiki kinaomba moto, wewe unakipaka poda." Akajitolea kuchomelea nyufa, na kuweka kikomo kidogo kwenye ncha ya kila chuma ili tandiko lisiteleze. Bure, kama jirani.

Bure! Halafu Mzee akiuliza hii kazi ni ya nani, nijibu ni yetu? Naenda kuposa mimi, au naenda kuposa na Jovinary? Nikamshukuru. Nikamwambia aendelee na mageti yake.

Jumatatu, 5 Agosti.

Leo nimevivisha vyuma. Sponji ngumu ya siti ya bodaboda, leza nyekundu, imevutwa hadi inalia ukiigusa. Pembeni nyuzi za dhahabu zinazoning'inia. Chuma cha kwanza nimekiandika kwa herufi nyeupe: WATASEMA SANA. Hayo ndiyo maandishi yanayopendwa zaidi pale stendi. Mwisho kabisa, nailoni juu ya kila kimoja, safi, bila kunjo.

Mama Wilhelmina akapita saa kumi. Akatazama muda mrefu. Akauliza nani watasema, na watasema nini. Nikamweleza kwamba ni urembo tu. Akasema nyuzi zitoke zote, na nailoni itoke pia, kwa sababu matandiko ni ngozi laini na yatateleza.

Nimetoa nyuzi kwenye vyuma vitatu. Cha nne kiko karibu na dirisha la farasi, hakionekani vizuri. Nailoni nimeiacha. Tangu lini kitu kipya kikavuliwa nailoni kabla mgeni hajakiona? Kwa Mzee Bagenda mwenyewe viti vya sebuleni vina nailoni tangu Felicitas akiwa sekondari. Huyo mtu anajua heshima.

Jumanne, 6 Agosti.

Majaribio. Tandiko sina, kwa hiyo nimekalia mwenyewe, mguu huku na mguu huku. Chuma cha kwanza: nimeteleza. Cha pili: nimeteleza. Cha tatu: nimeteleza, nikajigonga goti. Nimechunguza sababu kwa utulivu. Ni suruali. Tandiko halivai suruali.

Jovinary alikuwa mlangoni wakati wote. Alicheka mpaka akaketi juu ya mashine yake ya kuchomelea. Akasema kama farasi wameshindikana, mtoto wake anahitaji bembea ya kutelezea.

Felicitas akapiga simu. Habari zilikuwa zimeshamfikia! Akaniambia kwa upole nimwachie Jovinary achomelee vikomo, hakuna aibu, hata baba yake alikuwa akiwaita mafundi wenzake. Nikamwambia atulie. Akasema, "Nestory, mimi nimeshamwambia baba kwamba safari hii umetulia." Nikamwambia nimetulia sana.

Jumatano, 7 Agosti.

Nimekabidhi trela saa mbili asubuhi. Mama Wilhelmina akauliza kama nailoni nimetoa. Nikajibu, nitatoa. Si uongo. Sikutaja tarehe.

Mchana umeme ulikatika Buzuruga nzima. Haunihusu. Mimi ni mtu wa sindano. Nilikuwa nimefunga kibanda mapema nikaenda nyumbani, na shati la kitenge nimelipiga pasi kabla haujakatika. Felicitas atampitisha baba yake karibu na farasi saa tatu, kama bahati tu.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane.

Naandika kwa mpangilio.

Saa 3:05. Mzee Bagenda amefika na Felicitas, amekumbatia mche wa mgomba kama mjukuu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, polepole, akitazama viatu vyangu. Nikasema kwa kuwa amepita tu, labda aone kazi moja. Watoto wa shule walikuwa wamepanga foleni kungoja farasi. Wakageuka nao. Nikafungua mlango wa trela kwa mikono miwili.

Tandiko moja liko chini, kwenye samadi. La watoto liko ndani ya ndoo ya maji, limezama hadi shingoni. Chuma kimoja kimekatika pale penye gundi. Na farasi mweusi ameingiza kichwa dirishani, anatafuna nyuzi za dhahabu taratibu, kama mtu anayekula tambi.

Lakini matandiko mawili yalikuwa yamekaa! Juu ya vyuma viwili visivyo na nailoni, vyenye vikomo vizuri kwenye ncha. Nilishangaa kuliko wote.

Mzee akaingia. Akapapasa vile viwili kwa kidole gumba. Akauliza hivi ni kazi ya nani. Nilifikiri sekunde mbili, ambazo ni nyingi. Nikasema ni yangu, vyote vinne ni vyangu, ila hivyo viwili nilivifanya nikiwa nimepumzika.

Akauliza vikomo nilivichomelea vipi. Nikasema kwa gundi ya moto.

Hata farasi aliacha kutafuna.

Ndipo Mama Wilhelmina akasema nyuma yetu: jana alijaribu tandiko, likateleza, akalipeleka trela kwa Jovinary. Jovinary akavua nailoni na kuchomelea viwili, umeme ukakatika. Vingine vikabaki kama nilivyovibariki mimi.

Mzee akageukia chuma cha kwanza kilichokuwa kinaning'inia. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya darasani: "Watasema sana." Akanitazama, Kihaya cha kwao kikamponyoka. "Waitu, kijana, hapa hukudanganya."

Akacheka hadi akampa Felicitas ule mche amshikie. Watoto wakacheka. Mama Wilhelmina akacheka huku akikamua tandiko. Nikacheka kidogo, kwa adabu.

Halafu, ajabu! Mzee akasema nina nafasi moja ya mwisho. Mlango wa banda lake la kuku umeanguka. Upana sentimita 90, urefu 180. Niutengeneze kwa mikono yangu mwenyewe, niulete Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 17, pamoja na barua. Ukiwa mbaya atasamehe, alifundisha wabaya miaka thelathini. Akigundua uongo, nisilete barua nyingine hadi anazikwa.

Wakati wa kuondoka Felicitas akaninong'oneza, "Fanya mwenyewe, tafadhali. Hata ukipinda nitausifia."

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaapa kuutengeneza mwenyewe.

Jumamosi, 10 Agosti.

Jovinary amekuja na mbao nne, randa na daftari. Anasema atanifundisha, mikono yangu, macho yake. Nimemwambia nimeshaanza. Nimeanza kuchora.

Jumatano, 14 Agosti.

Mchoro umekamilika, kurasa tatu, rangi mbili. Mbao bado nzima.

Nimekwenda Mirongo kununua misumari. Njiani, nje ya karakana moja, nimeuona mlango. Wa mninga! Kona zimeshikana kama ndugu. Fundi hakuandika jina lake popote. Uzembe wake.

Nimeulipia, nikauleta nyumbani kwa guta la mizigo, umefunikwa shuka. Nimepiga randa mara mbili mahali pasipohitaji, ili mikono yangu iwemo. Nyuma nimeandika: Nestory, Fundi. Felicitas amepiga simu kuuliza kama kweli nafanya mwenyewe. Nimemwambia sasa hivi nimejaa vumbi la randa. Ni kweli kabisa!

Urefu ni sentimita 176. Umepungua nne tu. Kuku wa Mzee Bagenda ni wanene, hawatapita kwenye mwanya huo.