Kidaraja cha Jino la Kiboko

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kawajense

Siku mbaya. Gitaa langu la besi linakoroma. Uzi mnene ukipigwa bila kushikwa unatoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa. Na Jumamosi Odeta, mtoto wa dada yangu, anaolewa Usevya! Mie mjomba ndiye wa kumwingiza kanisani kwa besi. Nilimwahidi akiwa bado hana meno.

Elia, mpiga kinanda wa kwaya yetu, alisikia ule mlio mazoezini. Akainama, akacheka. Akasema mjomba Kalisti nisihangaike, besi yeye anaipiga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Mie niliyepiga besi Kigoma mpaka meli ikasahau kuondoka!

Chanzo nakijua. Kile kidaraja cha plastiki kule juu shingoni, kinachobeba nyuzi. Kimelika. Nibadilishe? Nisibadilishe?

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda sokoni kwa Mustapha, fundi redio. Akapiga uzi, akaweka kidole kwenye kichwa cha gitaa. Mlio ukakatika. Akasema kidaraja kizima kabisa, ni skrubu ya ufunguo wa kukazia uzi ndiyo imelegea, inatetema. Aikaze? Nikamwambia asinifundishe. Mtu wa redio anajua nini kuhusu besi? Nimeondoka na gitaa langu vilevile lilivyokuja.

Nyumbani mke wangu, Mama Maiko, anapika makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe. Nikaona mfupa. Mweupe, mgumu. Nikautoa sufuriani kwa vidole. Nimeungua.

Jumatano, 5 Juni

Tupa na msumeno tangu asubuhi. Kipande cha kwanza kimevunjika. Cha pili na cha tatu pia. Kidole gumba hakina ngozi. Cha nne kimekaa. Gundi. Mama Maiko analalamika nimemharibia supu. Hana jicho la sanaa yule.

Kwaya imekuja mazoezini hapa uani. Linakoroma bado. Nadhani zaidi ya jana. Lakini kidaraja kinavyong'aa! Jeniffer wa sauti ya kwanza akauliza kimetengenezwa na nini. Nilitaka kusema kweli, Mungu shahidi. Mdomo ukasema: jino la kiboko. Dume. Nililing'oa mwenyewe mto Katuma, kiboko akiwa macho.

Hata Elia aliacha kucheka. Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la kwaya. Nilikaa wima ili nitoke vizuri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha.

Askari wawili wa wanyamapori wamekuja asubuhi, kwa adabu kabisa. Shikamoo mzee, tunaomba tulione hilo gitaa. Picha imefika kwao. Wakauliza ni kweli jino la kiboko? Ningesema ng'ombe, yangekwisha hapohapo. Lakini kwaya nzima ilikuwa uani kwa mazoezi ya mwisho, na Elia yuko mbele. Nikasema: kiboko. Tena dume.

Wakaniambia nipande gari.

Ndani ya gari nikasema ng'ombe. Nikasema tena. Nikalia kidogo. Mmoja akajibu, "Mzee, kila anayepanda humu, meno yake huwa ya ng'ombe."

Jioni Mama Maiko akatokea na sufuria. Akatoa kongoro lenye pengo la msumeno wangu, akalibwaga juu ya meza ya askari. Wakapima kidaraja kwenye pengo. Vikapatana. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mie nimeachiwa. Gitaa limebaki. Mtaalamu wa mifupa yuko porini, anarudi Jumatatu, na bila yeye kuandika halitoki.

Jumamosi, 8 Juni. Usevya

Odeta ameingia kanisani. Elia, mkono wa kushoto. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutafuta besi iko wapi. Mie nimepewa kushika mwavuli wa bibi harusi. Jua lenyewe halikuwepo.

Baadaye Odeta akanivuta pembeni na shela lake. Akaniambia, "Mjomba, ungesema tu ni ng'ombe. Mie nilitaka gitaa lako, hata lingekoroma." Nimekula pilau nikitazama ukuta. Miaka ishirini na nne naingoja siku hii, nikaitupa kwa jino ambalo sina.

Jumatatu, 10 Juni. Kawajense

Gitaa limerudi na karatasi yake: mfupa wa ng'ombe. Nimepita kwa Mustapha. Amekaza skrubu, kufumba na kufumbua, mlio umeisha. Akanirudishia gitaa, akageukia redio zake. Bora angenisema.

Nimeapa mbele ya Mama Maiko. Uongo basi. Maisha yangu yote yaliyobaki, basi.

Mchana jirani yangu Malale, mwenye shamba la mpunga kule Usevya, akauliza mbona gitaa langu lilionekana kwenye gari la askari. Swali dogo tu. Nikamwambia kuna tembo waligoma kutoka mashambani, askari wakaniangukia nikawapigie besi, nao tembo wakaondoka kwa mstari mmoja kama watoto wa shule.

Malale akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Tembo wako shambani kwake tangu wiki iliyopita. Kesho asubuhi ananifuata na pikipiki.

Nimekubali. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kile kidaraja. Tembo gani ataheshimu mfupa wa supu? Naona nibadilishe.