La Kijivu au Jekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Binti yetu hatakwenda ukumbini na gari jeupe la shemeji. Atakwenda na gari la wazi, paa limekunjwa, shela inapepea, baba yake mzazi kwenye usukani. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Muda upo.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Karani wa bima. Gari lake halijawahi kugoma kuwaka tangu nioe, na hutukumbusha kila tukikaa mezani. Siku ya mahafali ya binti huyu huyu, kigari changu cha kupelekea mapazia kilizimika getini. Shemeji akampeleka. Mimi nilifika baadaye kwa miguu, nimebeba keki. Picha zilikuwa zimeshapigwa. Moja ipo sebuleni kwetu. Shemeji yumo. Mimi simo.

Dalali wa magari anayo mawili ya aina moja. Ya kifahari! Viti viwili tu, ngozi tupu, paa linajikunja lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Jekundu ni la 2008. La kijivu ni la 2011. Nimekaa ndani ya yote mawili. Niliposhuka dalali alinifuta vumbi begani. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunifuta vumbi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi kuuliza mwaka upi. Fundi huyu hana adabu hata kidogo, na sauti yake inasikika mtaa wa pili, lakini magari haya ameshayafungua mengi. Kasema toleo la kwanza la gari la namna hii ni la majaribio, na mnunuzi ndiye panya wa maabara. La 2008 pampu ya paa inavuja, paa linakwama njiani, umeme unapata kichaa likiona unyevu. Kufika 2011 kiwanda kilikuwa kimesharekebisha yote. Nichukue la kijivu, nisibabaike na rangi. Kisha akaongeza kwamba mwenye akili asingechukua lolote, angetengeneza kigari chake. Hapo sikumsikiliza.

Basi ni 2011. Shida ni kwamba lazima niuze kigari kwanza. Mtu akiniwahi je?

Nimepata mbinu! Nimekwenda kunyoa, ingawa nilinyoa juzi. Nikamnong'oneza kinyozi kwamba magari ya 2011 giaboksi zake ni balaa, ila ya 2008 ni chuma. Nikamwomba iwe siri. Kumpa kinyozi siri ni sawa na kuipigia ngoma. Sasa hakuna atakayeligusa la kijivu. Mimi ni mtu hatari sana. Shingo inaniwasha.

Alhamisi, 6 Machi

Kigari bado hakijapata mteja. Mke wangu kauliza ninanyoanyoa hivi kwa ajili ya nani. Nimesema ni harusi. Kanitazama mpaka chai ikapoa.

Nimepita kwa dalali kuchungulia. Kuna mwanaume kasimama ubavuni mwa la kijivu! Nilijibanza nyuma ya lori. Kumbe alikuwa anakwepa jua.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Mama mkwe kaja kwa maandalizi, kasema kasikia kwa muuza dawa kwamba magari ya 2011 hayafai. Nikacheka kimoyomoyo. Muuza nyama naye kasema hivyo hivyo. Nikazidi kucheka.

Halafu mwalimu mkuu kaja dukani kwangu kuchagua pazia la mahameli. Mama mwenye heshima zake, hana mzaha. Kasema binamu yake alikuwa na gari hilo la 2011. Giaboksi ilimkatikia mlimani, gari likarudi kinyumenyume mpaka kwenye bwawa la bata.

Bwawa la bata! Hilo mimi sikulisema. Na nani anaweza kutunga bwawa la bata?

Nimekaa nyuma ya marobota ya vitambaa nikiwaza. Ni kweli nilidanganya. Lakini uongo nao unaweza kubahatisha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, likija Jumamosi, mwanangu akiwa ndani? Na mbona mji mzima unalikataa la kijivu, isipokuwa fundi peke yake?

Jumatatu, 10 Machi

Kigari kimekwenda kwa muuza magodoro. Kiliwaka kwa jaribio la kwanza, msaliti mkubwa.

Nimempitia fundi kumweleza habari za bata. Kacheka mpaka akaegemea ukuta. Kauliza ni mjinga gani anaeneza maneno hayo. Nikatazama viatu vyangu. Kisha akanisihi kabisa, karibu anishike shati: la kijivu, la kijivu! Hapo ndipo nilipomshtukia. Mtu hakusihi bure. La kijivu likiharibika litarudi gereji kwake, naye atakula kwangu mpaka uzee.

Nimenunua jekundu. La 2008. Dalali kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jumatano, 12 Machi

Paa linafunguka vizuri mno. Kufunga ndiyo kazi. Linasimama wima katikati kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Nimelisukuma kwa fimbo ya pazia, likatii. Kitu kidogo tu.

Nimejaribu kupeleka mapazia nalo. Yalipepea nyuma yangu barabara nzima, watu wakadhani harusi imeshaanza. La mwalimu mkuu nimelibakiza kwenye buti.

Binti kaja dukani. Kasema, baba, mimi sitaki gari, nataka tufike pamoja. Mtoto ana haya huyu. Anaficha furaha yake.

Nasikia dalali kashusha bei ya la kijivu kwa kukosa wateja, na kuna mtu kalichukua. Maskini! Nimemhurumia sana.

Jumamosi, 15 Machi

Mungu wangu.

Wenzetu walitangulia na basi. Tukaondoka jua linawaka, vigelegele vya majirani nyuma yetu, binti kanishika mkono. Nilikuwa karibu kulia. Halafu tone kwenye kioo. Nikabonyeza kitufe. Paa likanyanyuka nusu, likagoma. Honi ikaanza kulia yenyewe. Taa zikakonyeza. Gari likazimika juu kabisa ya mteremko wa ukumbini, na mvua ikamwagika.

Nikatoa pazia la mwalimu mkuu, nikamfunika bibi harusi. Zambarau. Linachuja rangi.

Nyuma yetu likaja gari la kijivu, kimya kimya, paa limefungwa vizuri. Shemeji! Ndiye aliyelinunua! Kasema alisikia maneno ya kinyozi, akashangaa, akaenda kumwuliza fundi, basi. Kuuliza na kuamini alichoambiwa! Sijapata kuona ujanja mchafu kama huo.

Akashuka kwenye mvua akaninyooshea ufunguo. Kasema mpeleke wewe, ni mwanao. Binti kasema, twende baba, endesha wewe.

Nikatazama mteremko. Nikawafikiria bata. Nikasema hapana, siwezi kumhatarisha mtoto wangu na giaboksi ya 2011.

Wakaondoka wawili. Viti vilikuwa viwili tu. Nilifika kwa miguu, nimejitanda pazia. Picha zilikuwa zimeshapigwa.

Jumapili, 16 Machi

Jioni mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anamsema nani. Sebuleni tulikuwa wawili.

Binti kaleta picha. Shemeji yumo. Safari hii na mimi nimo, mbali nyuma ya geti, kitu cha zambarau kinachokimbia. Kasema hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote. Nilitoka nje kidogo, macho yaliniuma.

Jumanne, 18 Machi

Sina cha kupelekea mapazia. Lazima jekundu liuzwe, kigari kirudi. Nimekwenda kunyoa. Nimemnong'oneza kinyozi kwamba magari ya 2008 sasa yanatafutwa kama almasi, kwa kuwa ndiyo toleo la kwanza. Iwe siri.

Alhamisi, 20 Machi

Makubwa! Mama mkwe kasikia kwa muuza dawa kwamba magari ya 2008 yanatafutwa kama almasi. Muuza nyama kasema hivyo hivyo. Mwalimu mkuu, ingawa amenuna kwa ajili ya pazia, kasema binamu yake analitafuta kila mahali. Binamu yule yule wa bata! Mtu aliyeonja machungu ya 2011! Huyo hawezi kukosea.

Nami nilikuwa karibu kuliuza!

Nimekimbia kwa dalali. Kaleta la pili la 2008, la kijani. Paa halina kabisa, maana yake haliwezi kukwama. Nitalichukua, nikishajua nimwambie nini mke wangu. Lakini mtu akiniwahi je?

Kesho asubuhi napita kwa kinyozi. Nitamwambia kwa siri kwamba ya kijani hayafai.