Mahogany ya Mogogosiek

Jumatatu, 10 Machi

Nimeponzwa na mdomo tena. Jana nilikuwa Ndanai kwa kina Vivian, kumsalimia baba yake, Mzee Onyancha. Nani nilimkuta huko? Sagini! Tunafanya kazi ofisi moja kwenye kiwanda cha chai, tunakaa ploti moja hapa Mogogosiek, na sasa ameanza kunifuata mpaka ukweni. Alikuwa amekaa karibu na mzee akimsimulia habari za viti vyake vya sofa. Vya velveti.

Mzee akanigeukia. Na wewe Nyang'au, kwako kuna nini? Nikasema meza. Meza ya namna gani? Ya mahogany, nikasema, niliachiwa na babu.

Babu aliniachia jina la Nyang'au tu. Meza ni ya saipresi, niliigonga mwenyewe mwezi jana, nyeupe kabisa kama ugali wa dukani. Mzee alifurahi mno. Anakuja Jumamosi aione, na akiridhika na nyumba tutaanza mazungumzo ya mahari. Asiporidhika, kuna velveti.

Vivian amepiga simu. Anasema nimwambie babake ukweli mapema. Anasahau kwamba nina siku nne nzima.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata! Kwa nini ninunue rangi ya mbao na nimezungukwa na chai pande zote? Nimechemsha sufuria nzima ya chai ya rangi, nzito, ya kuamsha maiti.

Sagini alichungulia. Akanishauri nipige msasa kwanza kufuata nyuzi za mbao, halafu nijaribu rangi kwenye kipande kidogo pembeni. Unaona ujanja wake! Anataka nichelewe. Nikapiga msasa kukata nyuzi, kutoka upande hadi upande, na kipande cha kujaribia nikakitia motoni. Nikamwaga chai yote.

Matokeo: meza ya rangi ya chai ya maziwa, yenye mikwaruzo kana kwamba paka wamepigania hapo. Inanukia vizuri lakini.

Jumatano, 12 Machi

Kwenye simu kuna jamaa anasema misumari yenye kutu ikilowekwa kwenye siki, maji yake yanaipa mbao rangi ya kizee. Nikaloweka jana ile ile, leo nikapaka. Hakusema kitakachotokea mbao ikiwa imekunywa chai. Meza imegeuka nyeusi papo hapo, mbele ya macho yangu, na mikono yangu pia.

Mama Chepngeno mwenye ploti alipita, akasimama, akanipa pole kwa moto. Nikamwambia hakukuwa na moto. Akanipa pole tena.

Kazini bosi ameuliza kama natoka polisi kuchukuliwa alama za vidole. Sagini amecheka mpaka akamwaga uji wake. Nilifurahi kidogo kuhusu huo uji.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa ya siku mbili, nikasema naumwa na tumbo. Asubuhi yote msasa. Vumbi jeusi puani, masikioni, kwenye chapati. Weusi umetoka isipokuwa ndani ya mikwaruzo, na hiyo mimi naona inafanana na mistari ya mahogany halisi.

Nimenunua rangi ya mahogany dukani, ya mkebe. Nimeshindwa, nakiri. Sagini akatokea tena, hodi hodi, akasema nipake kidogo na nifute kwa kitambaa kabla haijakauka. Kidogo! Mkwe wangu aje kuona mahogany kidogo? Nikapaka mkebe wote, sikufuta hata tone.

Nyekundu! Imeiva! Nilikaa nikaitazama hadi chai yangu ikapoa. Nampenda Vivian, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimeamini nitamwoa.

Ijumaa, 14 Machi

Vanishi. Sagini anasema tabaka jembamba, siku moja ikauke, ndipo nipake la pili. Na nisiweke nje, kwa sababu ya mvua na ukungu wa huku kwetu. Kwa hesabu zake ningemaliza Jumatatu, mzee akiwa ameshampa velveti mtoto wake. Nikapaka matabaka matatu kwa mpigo, nikaweka nje.

Saa nane, mvua. Ya hapa haijui kukosea saa. Nikairudisha ndani nikaweka jiko la makaa chini yake. Vanishi ikafanya mapovu kama maandazi. Nikafungua mlango moshi utoke, akaingia kuku wa Mama Chepngeno. Akatembea juu ya meza, mwanzo mpaka mwisho, akiinua kila mguu kwa shida. Nikajaribu kufuta nyayo kwa taulo. Nusu ya taulo bado iko pale.

Jioni Sagini ameniletea kitambaa cha meza, kizuri, chenye maua, eti nifunike. Nimemrudishia. Amefikia hatua ya kutaka kuificha mahogany yangu!

Jumamosi, 15 Machi

Mzee alifika saa nne na Vivian, na Mellen, mdogo wake Vivian. Sagini akajileta bila kualikwa. Mzee akakaa mezani, akaweka mikono juu. Akasema inang'aa. Nilitaka kulia kwa furaha. Vivian akamimina chai.

Mzee akashika kikombe anywe. Kikombe hakikuja. Akavuta kwa nguvu. Meza ikaja! Miguu miwili ikapanda hewani na chai ikamwagikia suruali yake. Akasimama haraka, na mikono ya sweta yake ikabaki imeng'ang'ania, ikirefuka, mpaka Mellen akaikata kwa kisu cha mkate.

Mzee akasema mahogany aliyowahi kubeba yeye ilihitaji wanaume wanne, hii imeinuliwa na kikombe. Akaniuliza taratibu, kijana, hii ni mbao gani?

Nikafungua mdomo niseme mahogany ya milimani huwa nyepesi. Vivian akaniwahi. "Ni saipresi, baba. Mimi ndiye nilishika mbao akikata. Alikudanganya kwa sababu ananitaka, na mimi namtaka hivyo hivyo."

Nilijiona mdogo kuliko yule kuku. Mzee akanitazama, akatazama nyayo, akatazama taulo. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka! Akasema alipokuwa akimposa mama yao, aliezeka nyumba yake mabati upande wa barabara tu, nyuma ilikuwa nyasi, na wakwe walipokuja wakazunguka nyuma. Amekubali mazungumzo yaanze. Sharti ni moja: nisimdanganye tena. Nikaapa. Nilimaanisha, kwa moyo wangu wote.

Hapo Sagini akakohoa, akasema na yeye ana neno. Amekuja kwa ajili ya Mellen! Mellen akainamisha kichwa akitabasamu. Kumbe wiki nzima Sagini alikuwa ananisaidia ili shemeji yake mtarajiwa asiaibike. Tulikumbatiana. Tukashikana kidogo kwa sababu ya vanishi.

Jumapili, 16 Machi

Nina raha isiyo kifani. Nimemsamehe Sagini yote, na nimeahidi kumsikiliza kuanzia leo.

Jambo moja tu dogo. Jana mzee akiagana nasi, Sagini alisema yeye ataanza mahari ya Mellen kwa ng'ombe wa gredi, Friesian. Mzee akasema vizuri sana. Kila mtu akanitazama. Nikasikia sauti ikisema mimi nitaleta wawili. Ilikuwa sauti yangu.

Ng'ombe ninao kweli, wawili, kwa mama. Ni wa kienyeji, wafupi, weupe pee. Lakini nimefikiria vizuri kanisani wakati wa mahubiri. Friesian ni nini, ukiangalia kwa utulivu? Ni ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi. Na saluni pale sokoni wanauza rangi nyeusi ya nywele.

Sagini anasema nijaribu kwanza sehemu ndogo, karibu na mkia. Nitaanza na kichwa.