Kumwahi Mtoto wa Flaviana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bupe, mwenzangu,

Nimepata wazo. Tangu tukuzike Januari sijapata wazo zuri kama hili. Nimeliwaza mpaka chai ikapoa, ile ya tangawizi nyingi uliyonizoesha wewe.

Jana baada ya ibada binamu yako Flaviana alitangaza kwamba mtoto wake akiwa wa kike ataitwa Bupe. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa vidole tu. Huyu si ndiye aliyeazima sufuria yako kubwa asiirudishe? Na unaijua desturi yetu Watanzania wa hapa Beltsville, Marekani: jina la marehemu likishapata mtu, wengine wanaliacha. Lipate kichanga kitakachokua kinaitikia kwa Kiingereza? Nani atafungua mlango jioni na kusema "Bupe kaja", kama ulivyosema wewe hata nyumba ikiwa tupu?

Mimi. Naenda mahakamani kubadili jina. Kuitwa Genoveva basi, sasa niwe Bupe.

Jumanne, 4 Machi

Mahakamani, Upper Marlboro. Nimevaa koti lako la kijani, lile lenye kifungo cha rangi nyingine. Karani, mama mpole, aliuliza sababu ya ombi. Nikamweleza yote: wewe, sufuria, Flaviana na mimba yake. Akasema kumpenda marehemu kungetosha. Akaongeza kwamba sheria haikatazi watu wawili kuwa na jina moja. Nikamjibu kwamba haijui Beltsville.

Tatizo: notisi itatolewa hadharani, mwenye pingamizi aseme. Hili sikulitegemea. Flaviana husoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya sabuni.

Jumapili, 16 Machi

Mpango mpya: kumshughulisha asipate nafasi ya kusoma. Nampelekea mtori, ndizi na nyama, kila nikitoka kazini. Leo nilimkanda na miguu, pale pale jikoni kwake. Nimekanda miguu ya adui! Isack, mumewe, akasema shemeji, hata mama mzazi hatunzi hivi. Flaviana akalia kidogo, akasema tangu ufe hana dada.

Nikaendelea kukanda kwa nguvu. Sikutaka kusikia.

Sufuria yako niliiona, imesuguliwa inang'aa. Anasema hajaipikia tangu msiba, mkono unakataa. Nikajitahidi kuendelea kumchukia. Ni kazi.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna aliyepinga. Jaji ametia sahihi. Mimi ndiye Bupe, na uchungu wa Flaviana haujaanza! Nimerudi nyumbani karibu nikikimbia, nikafungua mlango na kusema, "Bupe kaja."

Nikangoja kidogo. Kisha nikajijibu mwenyewe: karibu, chai iko mezani.

Jumamosi, 26 Aprili

Kajifungua. Msichana. Nikaenda na mtori na maneno ya kujitetea.

Hayakuhitajika. Flaviana aliisoma notisi siku ileile ilipotoka. Akaichapisha, akaibandika ubavuni mwa friji. Nilimkanda miguu nimeipa mgongo! Alinyamaza kwa sababu aliona vizuri jina lako libebwe na mtu mzima aliyekujua. Na mtoto, akasema, atapewa jina la aliyemtunza mama yake: Genoveva.

Nikalia. Nikanyoosha mikono nimpokee somo wangu.

Mama yake Isack, aliyekuja kutoka Mbeya, akanizuia. Akasema mtoto hupakatwa kwanza na somo wake, kwao ndivyo. Genoveva yuko wapi? Nikasema ni mimi. Akasema, "Wewe mwanangu si Bupe? Tumeambiwa jaji kasaini."

Isack akasema pole shemeji, Genoveva ulimwacha Upper Marlboro. Wakacheka mpaka Flaviana akashika tumbo. Mtoto akakabidhiwa Lorraine, jirani Mkenya, ampakate kwa niaba ya Genoveva asiyekuwepo. Lorraine akasema jina zuri kama hilo halifai kukaa bila mwenyewe, huenda akalichukua. Wengine walidhani anatania.

Jumatatu, 28 Aprili

Upper Marlboro tena. Karani alisimama akaita "Bupe", na jinsi jina lako lilivyosikika katika ukumbi ule, nikasahau kuitika. Akaita mara ya pili. Ningependa aite na ya tatu.

Ombi langu: niwe Genoveva Bupe, yote mawili. Akauliza kwa nini sikuomba hivyo tangu mwanzo. Nikamwambia nina haraka, kuna ubatizo wa mtoto, na kuna Lorraine.

Flaviana ameahidi hatapinga. Lorraine hajaahidi kitu, na notisi inatoka tena. Kwa hiyo ndizi ziko jikoni, nyama inachemka, na nimeshamuuliza Lorraine kama miguu haimsumbui. Safari hii hatasoma chochote. Flaviana ameniazima sufuria yako.

Huko uliko, Bupe, unikumbuke, kwa jina lolote utakalonikuta nalo.